Jibu B Anatafuta Swali

Usiku wa jana niliota, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya mtihani wa usajili wa wahandisi, kwamba jibu B la swali la kumi na saba lilibisha hodi mlangoni kwangu. Nilipofungua nilimkuta mwanamume wa makamo, mwenye kipara kidogo na shati lililopigwa pasi vizuri, amebeba nguo zake katika mfuko wa rambo.

"Shikamoo mama," akasema.

Mimi nina miaka thelathini na mmoja. Hata hivyo nilimjibu marahaba, kwa kuwa sikuona sababu ya kumwacha mgeni na salamu yake mdomoni, nikamwonyesha kiti.

Swali la kumi na saba ninalijua vizuri. Limo katika kitabu changu cha mazoezi. Fimbo ya chuma yenye kipenyo cha milimita ishirini imening'inizwa wima, inabeba mzigo wa kilonyutoni 31.4, tafuta mkazo ndani ya fimbo hiyo. Jibu sahihi ni C, megapaskali mia moja. Mimi huchagua B, megapaskali ishirini na tano. Nimelichagua nyumbani, nimelichagua maktaba, na maswali ya aina hiyo yaliyotokea kwenye mtihani wenyewe, mwaka juzi na mwaka jana, niliyajibu kwa namna hiyo hiyo. Mara ya kwanza nilifeli kwa alama tatu, mara ya pili kwa alama mbili. Anayefeli mara tatu husubiri miaka mitano ndipo aruhusiwe kujaribu tena, nami ofisini kwetu tayari nina miaka minne ya kuchora vitu ambavyo wengine huvitia saini.

"Umekuja kufanya nini?" nikamwuliza mgeni.

"Nimesikia unataka kuniacha."

"Nani kakwambia?"

"Penseli."

Niligeuka kuitazama penseli. Ilikuwa imelala juu ya meza kama mtu anayejifanya amesinzia ili asikilize mazungumzo.

"Wewe ndiye mama yangu," B akaendelea. "Umenizaa mara kumi na tisa. Watu wengine hunizaa mara moja, wakashtuka, wakanifuta. Wewe hujawahi kunifuta. Unanizungushia duara na kunipigia mstari chini."

Nilikiri kwamba ni kweli. Mstari huo huupiga kwa rula.

Niliinuka nikampikie chai, lakini birika lilitaka kwanza nilitajie ujazo wake kwa mita za ujazo, na nilipokuwa nikihamisha nukta, sebule ilikwisha. Tuko katika ujia mrefu wa jengo la bodi. Ukutani pana tangazo: CHUKULIA KWAMBA SAKAFU HAINA MSUGUANO. Watahiniwa wanaoingia mlangoni hawawezi kusimama tena. Wanapita mbele yetu wakiwa wima, mafaili kwapani, wote kwa mwendo mmoja.

"Habari za asubuhi?" namwuliza mmoja.

"Nzuri, ila sijui nitaishia wapi," anajibu, na anaendelea.

Mimi na B tunashikana mikono, tunateleza, mpaka tunaigonga boriti ya zege iliyolazwa juu ya viti viwili.

"Samahani," nasema.

"Usijali, dada, nimezoea," boriti inajibu. "Si ndivyo mnavyoandikiwa? 'Uzito wa boriti upuuzwe.' Mwaka wa kumi huu. Nina kilo mia tatu na arobaini. Asubuhi mhudumu kapita na chai, kahesabu watu, mimi kaniruka."

"Pole sana."

"Pole gani? Baada ya siku nne utaandika hivyo hivyo."

Siwezi kuiahidi jambo ambalo mtihani hauruhusu. Naiambia kwamba nitaupuuza uzito wake, lakini nitafanya hivyo nikijua kuwa upo. Boriti inafikiri kidogo, kisha inasema kwamba hakuna mtahiniwa aliyewahi kuitaarifu mapema.

Dirishani ameketi Bi Fomula. Ni kile kijitabu cha fomula ambacho kila mtahiniwa hukabidhiwa, isipokuwa hapa kimevaa miwani na kujitanda kanga. Kila anapovuta pumzi, kurasa zake zinafunguka na kujifunga.

"Jina?"

"Nakijwa Mrutu."

"Jaribio la ngapi?"

"La tatu."

Anajifunua, anatafuta, ananipata. "Basi wewe utajibu swali moja tu. Mlango ule. Na huyu uliyemshika mkono ni nani?"

"Ni jibu langu."

"La kumi na saba, bibi," B anasema kwa adabu. "B."

Bi Fomula anavua miwani. "Loo! Bado upo?"

"Kwa ajili ya mama."

"Unasikia?" Bi Fomula ananigeukia. "Wenzio wote wameshamkimbia. Jibu linalochaguliwa na mtu mmoja hukaa kwa ridhaa ya huyo mmoja. Ukimwacha leo, atafutwa, na nafasi yake itapewa namba nyingine."

"Kufutwa na kufa vina tofauti gani?"

"Aliyefutwa hafanyiwi matanga," anasema, na anatugongea muhuri kwa kiwiko.

Nyuma ya mlango kuna machimbo ya kokoto, na jua limewaka. Kutoka juu, mahali nisipopaona, inaning'inia fimbo ya chuma yenye unene wa kidole gumba. Kwenye ncha yake limefungwa beseni la kokoto, tani tatu na ushei, na chini kabisa ya beseni hilo wameweka kiti cha mtahiniwa. Ninakaa, kwa kuwa kina namba yangu, na juu yake pana karatasi ya mtihani yenye swali moja, la kumi na saba.

"Nikueleze utaratibu," fimbo inasema. Sauti yake si ya kutisha. Ni sauti ya fundi anayekuarifu kwamba misumari imekwisha. "Mimi huamini kile mtahiniwa anachoandika. Ukiandika mia moja, mzigo utabaki kama ulivyo. Ukiandika ishirini na tano, nitajiona mnene. Watanipakia mara nne, maana nitawaambia ninaweza. Halafu nitakatika."

"Nami nimekaa chini yako."

"Wewe umekaa chini yangu."

Nikaishika penseli. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaanza kwenda kwa B. B mwenyewe alikuwa amesimama kando, mfuko wake umebanwa kifuani.

"Mama, ukinikataa mimi naenda wapi?"

"Nikikuchagua nafeli."

"Si umeshawahi kufeli? Na tulikuwa pamoja."

Katika ndoto hoja hiyo ilikuwa na uzito, na hakuna aliyeniambia niupuuze. Niliweka penseli chini ili nifikiri.

"Niambie jambo moja," nikasema. "Hivi mimi ninakuzaaje?"

"Kwa kipenyo," akajibu bila kusita. "Eneo la duara linataka pai, mara nusu kipenyo, mara nusu kipenyo tena. Wewe unaichukua ile ishirini nzima, unaizidisha kwa ishirini, kisha kwa kuwa una haraka, unakwenda zako. Eneo linakuwa mara nne. Mkazo ni mzigo kugawanya kwa eneo, kwa hiyo unashuka mara nne. Natokea mimi."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Mtoto gani anamwambia mama yake asimzae?"

Fimbo ilikohoa. Bi Fomula, aliyekuwa ametufuata, alijifanya anasoma faharasa yake.

Nilimtazama B kwa mara ya kwanza bila kumkasirikia. Hesabu zake zote zilikuwa safi. Kuzidisha kwake kulikuwa sawa, kugawanya kwake kulikuwa sawa, hata nukta yake ilikaa mahali pake. Kosa halikuwa lake. Alikuwa jibu kamili la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Naomba karatasi na kalamu ya wino," nikasema.

"Za nini?" Bi Fomula akauliza.

"Nataka kutunga swali."

"Mtahiniwa hatungi maswali." Alijifunua kutoka jalada hadi jalada, kwanza kwa hasira, kisha polepole zaidi. "Hakuna panapokataza," akasema mwishowe, akiwa amefedheheka kidogo. "Lakini uandike vizuri. Swali likishampata mwenyewe, halirudi."

Nikaandika: *Fimbo ya chuma yenye kipenyo cha milimita ishirini...*

B alisoma kutoka nyuma ya bega langu. "Mama," akasema taratibu, "hilo ni lile lile."

Nilichana karatasi. Niliinuka, nikaiendea fimbo nikiwa na rula.

"Samahani, naomba nikupime."

"Pima."

Kutoka ukingo hadi ukingo: ishirini. Kisha nikakirudisha kidole polepole, milimita kwa milimita, hadi katikati, nikakiacha hapo. Kumi. Nilikaa na kidole changu katikati ya ile fimbo kwa muda ambao, katika miaka miwili ya kukokotoa, sikuwahi kukaa.

"Duara linaanzia hapo," fimbo ikasema. "Wewe siku zote unaanzia nje."

Nilirudi kitini, nikaandika upya: *Fimbo ya chuma yenye nusu kipenyo cha milimita ishirini imening'inizwa wima, inabeba mzigo wa kilonyutoni 31.4. Tafuta mkazo ndani yake.*

B alipiga hesabu kwa vidole, midomo ikitembea. Alipofika mwisho alikaa juu ya rundo la kokoto.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Sahihi kabisa?"

"Sahihi kabisa."

Alitoa leso mfukoni, akafuta kipara badala ya macho.

"Bado halijakamilika," Bi Fomula akasema. "Swali huhitaji majibu mabaya matatu. Hawa wawili wa kujazia nitawaokota popote. Lakini lazima awepo mmoja mbaya wa kuaminika."

Hapo akatokea C, amevaa suti na tai, anazungusha ufunguo kidoleni.

"Nimesikia natajwa."

Nilimweleza. Mtu atakayeiona ishirini akadhani ni kipenyo, ataigawa kwa mbili, ingawa ilishagawanywa, naye atapata mia moja. Kwa hiyo ni yeye anayehitajika.

"Nikae kama jibu baya? Mimi?" C akaacha kuzungusha ufunguo. "Dada, mimi nimechapishwa nyuma ya kitabu!"

"Kule kwenye la kumi na saba utabaki na cheo chako," B akamwambia. "Huku utashika ile kazi yangu ya zamani. Si mbaya, kaka. Mtu anakuja mbio, amechoka, anakuona, uso wote unachanua. Jibu sahihi halipokelewi hivyo. Lenyewe huaminiwa tu."

C alifikiri. "Wanapiga mstari chini?"

"Wakikupenda sana."

C alilegeza tai.

Basi nikarudi kwenye karatasi ya mtihani, nikazungushia duara jibu la kumi na saba: C. Fimbo ilivuta pumzi ndefu. "Mia moja," ikasema. "Ndivyo ninavyojisikia." Beseni halikushuka hata unywele. Nilihesabu vidole vyangu vya miguu, vyote vilikuwepo.

Machimbo yameondoka, tuko tena ujiani. B ameukunja mfuko wake wa rambo, anasema huko aendako atapewa kila kitu.

"Kwaheri mama."

"Kwaheri mwanangu. Jihadhari na watu wenye haraka."

"Hao sasa ni wa C," anasema.

Alitaka kuondoka kwa heshima, akitembea. Lakini sakafu haikuwa na msuguano, na alipopunga mkono alianza kuzunguka polepole kama feni inayozimwa, akapita kwenye kona akiwa ameipa dunia mgongo.

Niliamka saa kumi na mbili na robo. Sikunawa uso. Nilikwenda mezani, ambako mdogo wangu Mbonea alikuwa ameketi na kikombe cha chai. Mbonea alihitimu chuo mwaka jana. Mtihani wake ni wa mwakani, na ameshaanza kukitumia kitabu changu kabla sijaamka. Nilikivuta, nikalitafuta swali la kumi na saba, nikalifanya pembeni ya gazeti. Nilipata mia moja. Nikalifanya tena. Mia moja. Mkono haukwenda kwa B hata kidogo, na nilihisi upweke wa ajabu.

"Dada, hata salamu hakuna?" Mbonea akasema. "Umeamka umevamia kitabu kama kinakimbia."

"Umeamkaje?"

"Salama. Sasa kwa kuwa umekishika, nisaidie la mwisho. Nimelikosa mara mbili."

"La sitini?"

"La sitini na moja."

Kitabu hicho kina maswali sitini. Nimeyafanya yote, mengine mpaka karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Chini ya la sitini, kwenye ukurasa wa mwisho, pana nafasi tupu ambapo niliwahi kuweka kikombe, na alama yake ya mviringo haikutoka. Nilifunua hapo. Alama ya kikombe ilikuwepo. Juu yake, kwa herufi zile zile na wino ule ule wa kiwandani, liko swali la fimbo ya chuma yenye nusu kipenyo cha milimita ishirini. B: megapaskali 25. C: megapaskali 100.

Mbonea alikuwa ameizungushia duara C.

"Si mia moja?" akaniuliza. "Mbona imekaa vizuri hivi? Nimeipenda kabisa."

Nilivuta kiti, nikaketi karibu naye, nikampa kifutio.

"Ifute," nikamwambia. "Lakini taratibu."