Ghara, kwa R

Jonathan aliponipigia simu kutoka makao makuu Dar na kuniambia kwamba Mwanza ni pa kupakia picha tu, programu zitaandikwa huko kwao, nilimwambia aje ayaseme hayo mbele yangu. Sikutegemea kwamba angekuja kweli.

Tuko wawili tu hapa ofisini Nyegezi, mimi Bernadeta na mwenzangu Annet. Tunaitunza Mwalo, tovuti ambayo watu wa kandokando ya ziwa wanafungulia blogu zao. Modesta wa Nansio, kwa mfano, anaandika humo habari za dagaa, na ana wasomaji hadi Musoma. Shida ni kwamba tovuti yote ilikaa kwenye seva ya Dar, na ukitaka kujaribu kitu kipya ulikijaribu palepale, mbele za watu. Ukikosea, Modesta aliiona blogu yake imeparaganyika kabla hata wewe hujaiona. Mtandao ukikatika, tulikaa tukitazamana. Halafu Jonathan, meneja wetu, anasema watu wa Mwanza hawafanyi kazi!

Basi nikasema naiweka Mwalo nzima kwenye makontena. Mama yangu aliposikia aliuliza tunafungua duka la nini. Si kontena la bati, mama. Ni namna ya kufungasha programu: tovuti kwenye kontena lake, kumbukumbu za makala kwenye kontena lake, kila moja na mahitaji yake yote, na ukiyapeleka kwenye kompyuta yoyote yanawaka vilevile. Unaharibu hapa, unatengeneza hapa, na msomaji hana habari.

Jonathan akatoa sharti. Angekuja mwenyewe, na Mwalo iwake mbele yake kwenye kompyuta isiyo yangu, intaneti ikiwa imezimwa. Ikigoma, kazi ya programu inahamia Dar na sisi tunabaki na picha zetu.

Tulichagua kompyuta ya Annet. Asubuhi ya siku aliyokuja niliingiza humo programu ya tovuti na kumbukumbu za makala kutoka kwenye yangu. Faili la kupanga makontena lilibidi liandikwe upya, maana la kwangu lilijaa mambo ya mashine yangu. Vidole vya Annet vina mbio kuliko vyangu, kwa hiyo mimi nilisoma, yeye akaandika. Kontena la kumbukumbu nilikuwa nimelipa jina ghala.

Sasa, mimi ni Msukuma wa Magu. L na r mdomoni mwangu zinabadilishana viti, hasa nikiwa na haraka. Annet kwao ni Bukoba, nako herufi hizo hazitofautishwi sana, na sikio lake halikunisaidia. Nilichotamka ndicho alichoandika, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

Jonathan aliingia, akakataa chai, akachomoa waya wa intaneti kwa mkono wake. Annet akaamuru makontena yawake. La tovuti likawaka. La kumbukumbu likawaka. Tukafungua ukurasa, tukakutana na maandishi mekundu: ghala halipatikani.

Jonathan akaivuta kompyuta, akalipitia faili letu, halafu akacheka mpaka akavua miwani.

"Ghara! Bernadeta, mmeandika ghara! Yaani hata kompyuta mnaifundisha Kisukuma? Ndiyo maana nasema kazi hii iende kwa watu wanaojua kuandika."

Nilishachekwa hivyo sekondari, nikachekwa chuoni, nikachekwa kwenye usaili wa kazi hii hii. Kila mara niliinamisha kichwa nikajisahihisha. Safari hii nilishikwa na hasira tupu, na nilifurahi kuwa nayo.

Annet, uso umemwiva kwa aibu, akanyoosha kidole aifute ile r.

"Usifute," nikamwambia. "Riache hivyo hivyo."

"Bernadeta, ni herufi moja tu."

"Ndiyo. Ya kwangu."

Kosa lilikuwa kwamba majina mawili hayalingani, basi. Kompyuta haijali Kiswahili cha nani ndicho sanifu. Inachotaka ni kwamba jina unaloita huku ndilo uite na kule. Nikafungua programu ya tovuti, nikalitafuta lile ghala nililoliandika mwenyewe, nikafuta l, nikaweka r. Tukawasha upya. Mwalo ikafunguka bila mtandao, na juu kabisa alikuwa Modesta akiwasema watu wanaoanika dagaa mchangani. Annet akapiga meza kofi.

Jonathan akakohoa. "Sawa, imewaka. Kazi inabaki kwenu. Lakini hilo neno mlitoe kabla halijafika Dar. Watu watacheka."

"Wacheke. Rinafanya kazi."

"Si Kiswahili, Bernadeta."

"Ni jina. Niliyezaa ni mimi, ninayeita ni mimi."

Akatikisa kichwa, akarudisha waya wa intaneti, akawatumia wenzake wa Dar nakala nzima. Chai akaikubali sasa. Hajamaliza kikombe, simu yake ikaita. Fundi wao alikuwa anasema kitu chetu kimegoma. Amekuta neno limekosewa kwenye faili la makontena, akalisahihisha, na sasa tovuti haizioni kumbukumbu.

"Rudisha kama ulivyokuta," Jonathan akamwambia. "Ghara. Hapana, si ghala. Gha-ra." Akanitupia jicho, akageukia dirishani. "Ndiyo, kwa r."

"Ongeza sauti, bosi," nikasema. "Hawajakusikia vizuri."

Akavuta pumzi, akalitamka tena kwa nguvu, na r yake ilikuwa safi kuliko yangu.