Hatua Sita Nyuma ya Jukwaa

Mdomo wangu huu ungekuwa mbuzi, ningeshauchinja.

Mama yangu alikuwa akiishi nyuma ya kitambaa cha sinema, kwenye chumba alichopewa na mwenye jumba alipokuwa mfagiaji. Filamu zote alizitazama kwa upande wa nyuma, maandishi yamegeuka. Jumba likafungwa, popo wakahamia, yeye akabaki. Miaka kumi na tisa alifagia bila mshahara. Bila yeye, watu wa vyuma chakavu wangeng'oa hata viti.

Basi kamati ikaamua jumba lifufuliwe, liwe ukumbi wa maigizo ya mji. Mimi seremala nikapewa kazi ya jukwaa. Weee, nilivimba kichwa! Siku ya majaribio waigizaji wakapanda. Wa kwanza akageuka tu, puu, uso ukutani.

"Fundi," akasema mwenyekiti, mwalimu wangu wa zamani, "jukwaa limebana. Ulichukua vipimo vya kaburi?"

Watu wakaangua kicheko. Ningenyamaza ningepungukiwa nini? Lakini kicheko kilishanichoma, nikamjibu palepale: "Ukuta huo ukivunjwa, Mwalimu, unapata hatua sita zaidi. Nyuma ni chumba tu."

Chumba tu! Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni, ametuletea maji ya kunywa.

"Nilikuwa natania, Mwalimu," nikasema. Mwalimu alikuwa ameshaanza kupima.

Jioni hiyo nikamwambia mama sitauvunja, wanifukuze wakitaka.

"Vunja, mwanangu," akasema. "Ukikataa wataita fundi mwingine, na huyo hatanikunjia hata shuka."

Nikavunja. Shuka nilizikunja, ndiyo. Mama akahamia kwa dada yangu, akawa analala sebuleni kwenye kochi. Dada mpaka leo hanisalimii, na ana haki.

Siku ya ufunguzi, saa tisa alasiri, tulikaa mstari wa mbele, mama kushoto kwangu, mgeni rasmi kulia. Mwenyekiti akawashukuru wafadhili, kamati, wapaka rangi, na mimi. Mfagiaji hakutajwa. Nilimwangalia mama, akawa anatazama jukwaa tu.

Igizo likaanza. Katikati ya onyesho mama akainuka.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nimechoka. Nakwenda kulala."

Nilidhani anatania. Akapanda ngazi polepole, akawapita waigizaji waliokuwa wakigombana, akaenda hadi kona ya nyuma kulikokuwa na kitanda chake kabla sijauvunja ukuta. Akavua viatu, akavipanga ukutani. Akajilaza kwenye mbao zangu, mkono chini ya kichwa, akatugeuzia mgongo.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ni sehemu ya igizo. Watu walisimama, wengine wakipiga miluzi.

Mgeni rasmi akaniinamia sikioni. "Yule bibi ni hodari kweli! Mmempata wapi?"

Nilitaka kumwambia ni mama yangu. Wallahi nilitaka.

"Ni wa hapahapa, mheshimiwa," nikasema, na mimi nikapiga makofi.