Nyuzi Nyeupe Mizizini

Shemeji yake alitamka neno lake mara moja tu: mvua zikiisha, ile nusu ya shamba iliyo mchanga mtupu ikiwa haina miti hai, analeta malori yauchote.

"Kaka yangu alikuachia mtoto, shemeji. Hakukuachia jangwa."

Mjane alimbana mtoto mgongoni, akarudi kibandani kwenye miche yake mia mbili ya misonobari. Viriba vyote alivijaza mwenyewe, udongo umechanganywa na unga wa kuvu aliopewa na bwana miti.

"Kule juu kwenye mfinyanzi, kando ya msitu, kuvu imo tangu zamani," bwana miti alimweleza. "Hata usipotia, mche utajitafutia. Ila kwenye mchanga hamna kitu. Huko mche bila kuvu ni mtoto bila ziwa. Ukiona nyuzi nyeupe mizizini, piga vigelegele."

Aliziona siku ambayo mtoto alishikwa na homa. Akakimbilia zahanati, akalala huko siku mbili. Miche alimwachia mama mkwe. Kuhusu nyuzi hakusema kitu.

Mama mkwe amelima vitunguu miaka arobaini, na kwenye vitunguu cheupe mizizini ni ugonjwa.

"Nimekuokolea, mwanangu!" alimpokea mlangoni, mikono inanuka dawa. "Ilishaanza kuota ukungu. Nimeinywesha dawa kikombe kwa kikombe."

Mjane alikimbilia kibandani. "Yote, Mama? Hata kumi haikubaki?"

"Hata mmoja sikuruka, nakwambia!"

Unga wa kuvu ulikuwa umekwisha, na mvua ilishaanza. Wakapanda hivyo hivyo. Miche ya mfinyanzi ilisimama. Ya mchangani ilianza kukauka nchani, ikawa njano, na mvua zilipokatika ulikuwa unaing'oa kwa vidole viwili, mizizi mitupu kama chelewa za ufagio.

Shemeji alikuja, akaupiga teke mche mmoja. "Nini kimeiua? Kama ni mkono wa mtu, nakupa msimu mwingine. Lakini mtu huyo hakanyagi tena hapa, hata awe mama yangu mzazi."

Mama mkwe, ambaye kufikia hapo alishaelewa, alifungua mdomo.

"Mchanga," mjane akamuwahi. "Mchanga umetushinda, shemeji."

Kesho yake lori la kwanza lilirudi kinyumenyume hadi katikati ya miche.

"Ungemwambia tu," mama mkwe alisema, macho yakiwa chini.

"Halafu nibaki na nani?"

"Na shamba, mjinga wewe."

Mjane alipanda juu kule kwenye mfinyanzi na kopo la maziwa ya mtoto. Akachimba polepole chini ya mche ulio hai, akajaza kopo udongo, akashuka nalo huku makoleo yakikwaruza bodi la lori.

Alimkabidhi mama mkwe. "Ukiona cheupe humu, Mama, usikiguse."

"Sikigusi," alisema bibi yule, akalikumbatia kopo kwa mikono miwili.