Nywele za Asiyejulikana

Kwa kusimulia habari za wafu hakuna wa kunishinda, maana wote nimewajua vizuri, isipokuwa huyu, ambaye habari zake nilizidaka dirishani kwa jirani, na sikio langu moja limebaki la kuvalia hereni tu.

Kwenye stoo ya chumba cha maiti, rafu ya juu, palikuwa na sanduku la mifupa ya mwanamke. Lilibandikwa karatasi: ASIYEJULIKANA. Fuvu lilikuwa na ufa kisogoni, na nywele zake hazikuacha kuota. Zilitoka chini ya kifuniko na kuzama kwenye ndoo za dawa, kwa hiyo mhudumu wa asubuhi alikuwa akizisuka kabla ya kupiga deki. Wakubwa walilalamika juu ya usafi. Juu ya ufa hakuna aliyesema kitu.

Ukuta wa stoo ndio ukuta wa kituo cha polisi. Upande wa pili palikuwa na benchi, na hapo mama mmoja alikaa miaka nenda miaka rudi akiulizia binti yake. Mkuu wa kituo alimwambia binti kaolewa huko, aje kesho. Akaja. Askari wakampachika jina, Mama Kesho. Nyumbani hakulitaja kwa mtu, aliona aibu. Basi mama na mwanawe wakakaa hivyo, wamepeana migongo, katikati tofali moja.

Asiyejulikana! Nani hakumjua? Fundi cherehani alikijua kiuno chake bila tepu. Jirani alimjua kwa kikohozi. Hakuna aliyewauliza, basi.

Ndipo binamu wa mbali, aliyeko ng'ambo, akatema mate kwenye kichupa akayatuma yapimwe, apate kujua kama ana asili ya kifalme. Akajibiwa kwamba ufalme hana, ila ana ndugu kwenye rafu. Mtaalamu wa vinasaba alikuwa amepima jino la yule mwanamke, na damu yao ilikuwa moja. Akaja na mchoro wa ukoo, akawakusanya ndugu stoo.

"Mama yake nani?" akauliza.

Wakasimama wanawake watatu.

"Namtaka mama mmoja tu."

"Unataka mmoja wa nini?" akafoka mama mkubwa. "Mimi ndiye niliyemkanda."

"Na mimi nilimchapa vya kutosha," akasema mama mdogo. "Asije mtu akasema sikumlea."

Mtaalamu akautazama mchoro wake, akafuta matawi mawili. "Temeni mate wote."

Nywele hazikungoja mashine. Ziliteremka rafuni, zikampita mama mkubwa kwa adabu, zikampita mama mdogo kwa mbali kidogo, zikajiviringisha kwenye mkono wa mwanamke wa tatu. Mama Kesho akazichambua kwa vidole.

"Nani kamsuka ovyo hivi?"

"Nisamehe, mama," akasema mhudumu. "Nilijifunzia kwake."

Baadaye mashine nayo ikasema hayo hayo, kwa mbwembwe nyingi.

Mama akajitwika sanduku, akazunguka ukuta, wenzake nyuma. Mkuu mpya wa kituo alikuwa na jalada tupu mbele yake. Mkuu wa zamani alikuwa mstaafu sasa, picha yake iko ukutani, na huja kila asubuhi kunywa chai na kutoa ushauri.

"Taarifa ya kupotea haikuletwa hapa," akasema mstaafu. "Bila taarifa hakuna kesi."

"Niliileta mimi, baba."

"Mama, wewe ndiyo kwanza nakuona leo."

Benchi lilikuwa na bonde. Mama akaketi, bonde likamwenea sawasawa kama gauni la kupimwa. Mkuu mpya akaliona, akageuka kutazama kalenda.

"Basi, baba, aliyempasua mwanangu kichwa nitatafutiwa na nani?"

Mstaafu alikuwa anapuliza chai yake.

"Njoo kesho, Mama Kesho," akasema.

Nywele zikaacha kuota.

"Mama nani?" akauliza mama mkubwa.

Mkuu mpya akalifunga jalada, ambalo hakuwa ameandika kitu ndani yake, na mstaafu akaendelea kupuliza chai iliyokwisha kupoa.