Mstari Ulioachwa Wazi

Je, umewahi kuimba wimbo wa watu wawili ukiwa peke yako? Sisemi kuimba ukifua au ukifagia ua, la. Nasema kuimba mbele ya watu waliokaa wakakutumbulia macho, huku kando yako pana nafasi ya mtu mzima na mtu mwenyewe hayupo. Kama hujawahi, usiombe likupate.

Mdogo aliifanya kazi hiyo msimu mzima. Jina la Mdogo alipewa nyumbani kwao kwa sababu alizaliwa nyuma ya dada yake, na lilimganda mpaka nywele zikawa nyeupe na magoti yakaanza kumlalamikia kwenye ngazi. Yeye na Dada walikuwa waimbaji katika boti kubwa ya matanga iliyotembeza wageni wapenda muziki kisiwa hadi kisiwa. Wageni walilala humo, wakala humo, na kila boti ilipotia nanga waliteremshwa mahali penye sifa ya kuipokea sauti vizuri, wakatandikiwa mikeka, wakaimbiwa. Dada alishika sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Mdogo alipita chini yake na sauti ya pili. Mume wa Dada alipiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani. Mdogo alimwita Shemeji, na kwa kuwa jina tamu halina mwenyewe, boti nzima ikamwita Shemeji, hata nahodha.

Walikuwa na utaratibu wao wa kuanza. Shemeji hakuhesabu kwa mdomo wala kugonga mguu. Alibonyeza kitufe cha hewa peke yake na kuivuta kodiani polepole, ikatoa pumzi tupu isiyo na sauti ndani yake, kama mtu anayeamka usingizini. Hiyo ndiyo ishara. Dada aliingia na mstari wa kwanza peke yake, kodiani imenyamaza, kisha Mdogo na Shemeji wakamdaka kwenye mstari wa pili wakaenda naye mpaka mwisho.

Kisha Dada akaugua kifua, akafa.

Siku waliporudi kazini, Shemeji alivuta ile pumzi kwa mazoea tu. Hakuna aliyeingia. Vidole vyake vikatulia juu ya vitufe muda wote wa mstari wa kwanza, naye Mdogo, kwa mazoea yaleyale, akaingia kwenye mstari wa pili na sauti yake ya pili. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa wimbo, kila mmoja akiona aibu kusimama. Wageni walipiga makofi wakasema ukimya ule umewagusa mioyo. Basi kosa likawa ndiyo desturi. Tangu siku hiyo Shemeji hakuugusa wimbo wenyewe. Kodiani yake ilizunguka pembeni, Mdogo akatembea chini, na katikati njia ya Dada ikaachwa wazi kama kiti kisichokaliwa na mtu.

Tatizo ni kwamba sikio halipendi pengo. Ukilipatia kuta, lenyewe linaweka paa. Wageni walianza kusema wanasikia sauti ya tatu, nyembamba, juu. Shemeji ndiye aliyeisikia zaidi. Tangu mazishi alikuwa akila tonge mbili anasukuma sahani, lakini siku ya kwanza aliyomsikia mkewe alimaliza chakula chote na kuomba mkate. Mdogo alimtazama akitafuna, akamsogezea na wake.

Sasa kilichomtisha Mdogo hakikuwa mzimu. Dada alikuwa dada yake, angemtisha kwa lipi? Kilichomtisha ni kwamba alikuwa akiupoteza wimbo. Akiwa peke yake, akimenya viazi, alijaribu kuimba ile bembelezo ya mama yao, akaanza vizuri kichwani, lakini mdomoni ikatoka sauti ya pili. Alijaribu nyimbo nyingine, mambo ni yale yale. Koo lilikuwa limezoea kupisha. Akaona akiendelea hivi, atakufa akiwa nusu ya wimbo. Ndiyo maana aliamua kwamba leo, siku ya mwisho ya msimu, kabla boti haijarudi bandarini, atamwambia Shemeji kwamba anataka kushika sauti ya kwanza. Nahodha alihitaji jibu lao la msimu ujao leo hii, na likishatolewa jibu, ndiyo imetoka.

Mpishi wa boti alikuwa mtu wa maneno mengi, waliyemwita Chumvi, na yeye peke yake alijua. Asubuhi hiyo walikaa pamoja kwenye jiko la boti, jembamba hivi kwamba mmoja akigeuka mwingine sharti avute tumbo.

"Mdogo," alisema, "umetupa kiazi umebakiza ganda. Leo utamwambia, au tungoje uzaliwe mara ya pili?"

Mdogo akasema atamwambia kisiwa cha kwanza, tena aache kumharakisha, yeye si chai ya kuchemshwa upesi.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa na mnara wa taa ya zamani, taa yenyewe imeng'olewa. Wageni walikaa kwenye ngazi za ndani zinazopanda kwa kuzunguka, mmoja juu ya mwingine kama kuku kwenye tundu. Mdogo alimfuata Shemeji chini kabisa, alipokuwa akiifuta kodiani kwa kitambaa laini, kitufe kwa kitufe, kama anavyonawishwa mtoto mchanga uso. Alikuwa amenyoa ndevu. Amevaa lile shati jeupe alilopenda Dada, na kola ameipiga pasi mwenyewe, mkunjo umekwenda upande. Mdogo alikuwa amefungua kinywa tayari, Shemeji akamwahi. Alimwambia kwa kunong'ona kwamba leo Dada kaamka mapema, tangu wanapandisha matanga anamsikia, na ana furaha.

Utasema nini hapo? Mdogo aliyameza maneno yake yakashuka na mate. Kodiani ikavuta pumzi. Mstari wa kwanza ukapita mtupu, ukapanda ngazi zote hadi juu palipokuwa na taa, na wageni wakainua nyuso kuufuata, kila mmoja, kama wanaotazama mtu anapita.

Walipokuwa wakielekea kisiwa cha pili, walifanya mazoezi kidogo juu ya sitaha. Hapo akapanda kutoka vyumba vya chini mgeni mmoja mzee, dereva wa treni aliyestaafu. Bahari ilikuwa imemlaza tangu walipoondoka bandarini, hakuwa amehudhuria hata wimbo mmoja, alijilia biskuti kavu kitandani na kusikiliza kupitia mbao. Alishika kamba kwa mikono miwili akauliza wale mama wawili wako wapi, anataka kuwapa mkono. Mdogo akampa wake. Mzee akaushukuru, kisha akabaki akitazama nyuma ya bega lake. Akauliza tena, na huyu mwingine, wa juu?

Chumvi, ambaye hakuwa na mzaha safari hii, alimwelewesha taratibu kwamba mwimbaji ni huyu mmoja. Yule mzee hakukasirika.

"Mwanangu," alisema, "nimevuta mabehewa maisha yangu yote. Najua moja linavyolia, na najua mawili."

Mdogo aligeuka kutazama nyuma yake. Shemeji alikuwa karibu, amesikia yote, akatabasamu kama mtu aliyesifiwa mke wake.

Kisiwa cha pili kilikuwa na kiwanda kilichokufa, na nyuma yake tangi la maji la chuma, kubwa kama nyumba, limekatwa mlango ubavuni. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya kutu. Ukidondosha sindano mle, inaanguka mara nyingi. Waliimba nyimbo mbili, wageni wakatoka wakipangusa macho, na Shemeji akawafuata na kodiani yake. Mdogo alijidai anakunja mikeka. Alipobaki peke yake alipiga moyo konde, akasimama katikati, akavuta pumzi na kuanza ule mstari wa kwanza.

Ikatoka sauti ya pili.

Akakazana tena. Ikatoka ya pili vilevile, kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Lakini mwangwi hurudisha kile ulichoupa, sivyo? Mdogo alitoa sauti ya pili, na kutoka juu kwenye paa la chuma ikarudi ya kwanza. Ilishuka polepole, na ile tabia ya Dada ya kuvuta neno la mwisho kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Mdogo alinyamaza. Ile ya juu ikamaliza mstari wake kwanza, ndipo nayo ikanyamaza.

Alitoka mle na kiatu kimoja. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akila mkate na yai la kuchemsha, ametandika leso magotini asichafue suruali. Alimtazama miguu, akamtazama uso. Hakuuliza amekimbia nini.

"Usisogee pale pake, Mdogo," alisema, wala hakusema kwa ukali. "Pako panatosha."

Kisha akaingia mwenyewe ndani ya tangi, akamletea kiatu, akakikung'uta kutu na kukiweka miguuni pake. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi.

Njiani kwenda kisiwa cha tatu Mdogo alijitenga na wenzake. Alikaa kwenye mafungu ya kamba, akajiuliza huyu anayeimba juu anataka nini. Dada alipokuwa hai hakuwahi kumnyima kitu. Gauni alimpa, kitanda cha dirishani alimpa. Sauti ya kwanza hakumpa kwa sababu hakuombwa. Mama ndiye aliyepanga, mkubwa aongoze, mdogo afuate, na baada ya hapo ikawa kama rangi ya macho, hakuna aliyeihoji. Akafikiri labda Dada naye amechoka. Labda anaimba kule juu kwa sababu kila siku anavutiwa pumzi na kuachiwa mstari, na yeye tangu zamani hakuwa mtu wa kukataa kazi.

Kisiwa cha tatu hata kuitwa kisiwa ni kukiheshimu. Kilikuwa fungu la mchanga mweupe, hakina mti, hakina ukuta, hakina jiwe la kurudisha sauti. Jua la alasiri lilikuwa kali bado. Wageni walikaa nusu duara na kofia zao, na dereva wa treni akabaki ndani ya boti iliyotia nanga karibu, dirisha lake wazi. Nahodha aliwashukuru kwa safari, akachekesha kidogo kuhusu waliotapika na waliojifanya hawakutapika, kisha akasema ana furaha kuwatangazia kwamba waimbaji wao watakuwapo tena msimu ujao, hivi hivi walivyo. Shemeji amekwishampa jibu.

Wageni wakapiga makofi. Chumvi, aliyekuwa akigawa maji, alimtazama Mdogo akaacha bilauri inamwagika. Mdogo naye alimgeukia Shemeji, lakini Shemeji alikuwa amefumba macho tayari, kidole kiko kwenye kitufe cha hewa.

Kodiani ikavuta pumzi.

Huo mstari ulikuwa wa Dada, na ukimya ulikuwa umekwishaandaliwa, safi, kama kitanda kilichotandikwa. Mdogo aliingia. Sauti ilitoka imekwaruza, ikapasuka kwenye neno la kwanza, ikayumba kwenye la pili, na kwenye la tatu akaukuta wimbo. Ulikuwa palepale siku zote. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na uwazi ule wa mchanga haukumsaidia hata kidogo, kila alichotoa kilikwenda zake baharini na hakikurudi.

Shemeji alifumbua macho. Mstari wa pili ulifika, na vidole vyake havikusogea. Kodiani ilibaki imefunguka kifuani pake, imekatika pumzi. Mdogo angenyamaza hapo, maana peke yake asingefika, lakini aliposhika mstari wa pili alisikia kitu kinaingia chini yake. Kilikuwa sauti ya pili. Kilikuwa njia yake mwenyewe, ile aliyoitembea tangu utoto, na mtu mwingine ndani yake, anayevuta neno la mwisho kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Alitazama midomo ya wageni mmoja mmoja. Yote ilikuwa imefungwa. Nahodha alikuwa ameshika kofia kifuani. Kule kwenye boti, mkono wa mzee ulikuwa umetoka dirishani, umetulia.

Wawili hao waliumaliza wimbo. Hakuna aliyepiga makofi. Maji yalikuwa yakilamba mchanga, na mtu mmoja nyuma alikuwa akilia kwa kujizuia.

Shemeji alisimama, kodiani inaning'inia begani kwa mkanda mmoja. Uso wake ulikuwa umesawijika, si kwa hasira, ila kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta vyombo vimehamishwa. Alimsogelea Mdogo karibu kabisa, akasikiliza juu ya kichwa chake, pale palipokuwa pa mkewe, akakuta kimya.

"Nani kakwambia uanze wewe?" aliuliza.

Mdogo hakurudi nyuma. Miguu ilikuwa inamchoma mchangani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na mtu wa kumsubiri atangulie.

"Hakuna aliyeniambia, Shemeji," alisema. "Nilitaka. Tangu sijafika urefu wa meza ya mama nilitaka nianze mimi, halafu yeye anifuate."