Mkeka Nilioukataa

Nilimlea Malo kwa ajili ya kisasi, wala sioni haya kusema. Baba yake, kaka yangu Alapati, alifia uwanjani akicheza raga, baada ya Tanielu kumkumba. Kesho yake alfajiri ukoo wa Tanielu ulikuja ukaketi mbele ya nyumba yetu, umejifunika mkeka laini wa heshima, kuomba radhi kama tufanyavyo Samoa. Mimi ndiye dada wa marehemu, kwa hiyo kauli ilikuwa yangu. Niliwaacha chini ya mkeka hadi jua la utosi, kisha nikawafukuza bila kuufunua, maana kuufunua ndiko kusamehe. Aibu ile haijawatoka hadi leo, na mimi niliifurahia.

Malo nikamlisha taro na samaki mpaka mabega yakajaa mlango. Jumamosi angekutana uwanjani na mwana wa Tanielu.

"Mvunje," nilimwambia.

"Nitamkunja kama shati, Shangazi."

Alhamisi akazimia mazoezini. Hospitalini Apia daktari alimpitishia kipimo kifuani, akatuonyesha moyo wake kwenye kioo.

"Mama, unaona ukuta huu wa katikati? Nyama yake imekuwa nene kupita kiasi. Damu inabanwa kutoka, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, hasa akikimbia sana au akikaa juani bila maji. Raga basi. Ugonjwa huu hurithiwa. Baba yake alikufaje?"

"Aliuawa. Alikumbwa."

"Akaanguka palepale?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini Alapati aliinuka, akampa Tanielu mkono, akamtania, akakimbia tena nusu uwanja. Ndipo akaanguka. Uwanja mzima uliona, na mimi niliona.

"Basi huenda kilichomuua ni hiki hiki," daktari alisema.

Nilimchukia daktari yule kuliko Tanielu. Alininyang'anya mtu wa kumlaumu.

Asubuhi nilichukua mkeka wetu, nikaenda kuketi mbele ya nyumba ya Tanielu, nimejifunika. Akatoka na kikombe cha kakao.

"Lupe! Karibu sana. Jua bado changa."

Akarudi ndani. Nilisikia vijiko, nikasikia vicheko. Jua likapanda, jasho likanijaa machoni. Ningekuwa yeye, nami nisingeufunua.

Kisha mtu akajipenyeza chini ya mkeka. Alikuwa Malo.

"Toka! Daktari amesemaje kuhusu jua?"

"Alikuwa baba yangu, Shangazi. Sitoki."

Alikuwa anahema. Nikaweka mkono kifuani pake, nikaogopa, nikapiga kelele kijiji kizima kisikie.

"Tanielu! Mtoto ana moyo wa baba yake! Mtoe juani!"

Miguu ikaja mbio. Mkeka ukanyanyuliwa upande mmoja, mkono ukamvuta Malo kivulini, nikasikia akimiminiwa maji. Halafu Tanielu akaushusha tena, polepole, juu ya kichwa changu.

"Yeye nimemfunulia," alisema. "Wewe kaa."

Nikakaa.