Hewa ya Ghala la Buni

Walburga alikuwa akipepeta buni kwenye ungo, alasiri moja ya msimu wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe Mbinga, pale mdogo wake Scholastica aliponyanyuka kwenda kunywa maji akakwama hewani. Hakuanguka wala hakupiga kelele. Alisimama mguu mmoja mbele, mkono ameunyoosha kuelekea ndoo, vumbi la maganda limemshika kama simiti inavyoshika nguzo.

Kampuni ilikuwa imekodi kiwanda cha kukoboa kahawa kutoka kwa chama cha ushirika, na ililikuta ghala limezibwa madirisha kwa matofali ili buni isiibwe. Mashine ilikuwa nyuma ya ukuta mfupi, ikitema vumbi tangu asubuhi. Wanawake walishazoea kutundika kanga zao hewani, mahali popote, bila msumari. Kwa hiyo walimvuta Scholastica kwa mikono, kisha kwa kamba ya magunia, mpaka aliposema bega linataka kuchomoka. Wakaacha, wakarudi kwenye nyungo.

Jioni Walburga alimleta Edina, binti mchanga wa Scholastica, akamwinua kifuani kwa mama yake anyonye. Tangu hapo ikawa kazi yake ya kila siku. Methodi, mume wa Scholastica, alipanda kutoka Mbaha na usipa wakavu, dagaa wa ziwani kwao, akamlisha mkewe kwa mkono huku akimsimulia jinsi upepo ulivyokuwa mwingi ziwani. Scholastica akamwomba asimtajie upepo.

Mkaguzi wa viwanda alifika kutoka Songea, suruali nyekundu kwa vumbi la barabara ya Kitai. Jina lake Nathanieli, mtu mpole. Alimzunguka Scholastica polepole, akamsikiliza akikohoa, akaeleza kwamba sheria haina utata: mahali pa kazi lazima hewa safi iingie, na vumbi liondolewe kabla halijamfikia mfanyakazi. Wajibu huo ni wa mwenye kiwanda.

Kisha mkaguzi akauliza mwenye kiwanda ni nani.

Bwana Hamphrey, meneja wa kampuni, alisema wao ni wapangaji tu. Kuta na madirisha ni mali ya ushirika. Mzee Wendelin, katibu wa ushirika, alisema jengo walishalikabidhi na vyote vilivyomo, na vumbi lenyewe ni la kahawa ya kampuni. Walizungumza kwa heshima, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kumaliza. Mkaguzi akasema hapo shauri limekuwa la mahakama, na mahakama ina foleni.

Walburga alitoka, akarudi na sururu. Alikuwa ameshaiinua mbele ya dirisha lililozibwa mkaguzi alipomshika mkono.

"Ukibomoa hapo, mama, nitalazimika kutoa ushahidi dhidi yako."

"Ukuta ni wa nani?"

"Ndilo linalobishaniwa. Ila si wako."

"Na huyu aliyekwama?"

Nathanieli alimtazama Scholastica, akautazama mkono wake ulionyooshwa.

"Huyo ni wako, mama. Mtunze."

Walburga akaishusha sururu. Mlinzi akaichukua, akaenda kuifungia stoo.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Meneja aliagiza ungo wa Scholastica apewe mwingine, akapewa Ottilia wa Kingerikiti, msichana mwenye kifua kizima, asiyekohoa. Padri alipita kila Ijumaa kumkomunisha Scholastica. Wapagazi wa magunia walijifunza kumpita kwa ubavu, na mashine iliendelea kunguruma. Walburga alimsuka nywele mdogo wake akiwa amepanda juu ya gunia, na wakati mwingine, akishusha mikono, iliteremka taratibu kuliko alivyotaka. Hakumwambia mtu.

Msimu ulipokuwa unaelekea mwisho, Edina aliwekwa sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Akatambaa kidogo, akainua viganja, akashika hewa kama watoto wengine wanavyoshika ukingo wa kitanda, akasimama. Ghala zima likapiga makofi. Scholastica alicheka hadi akakohoa.

"Umemwona, dada?"

"Nimemwona," Walburga alisema, na tayari alikuwa akimbeba mtoto kumtoa nje. Ilimbidi amvute mara mbili.